Fundi Kilo na Pawa Saplai Nzito

Fundi Kilo hakuwa na urafiki na mtu kabla ya chai, na baada ya chai alikuwa na urafiki na wachache sana. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mkali kama pilipili, na kazi yake ilikuwa kuunda kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka aliloliacha marehemu mumewe. Chumba cha mbele kilikaliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyenunua vifaa na kuviuza kwa mdomo wa asali. Walipatana kama paka na panya. Huo ulikuwa mwaka wa tatu hawasemeshani. Kama kulikuwa na la kuambiana, walimpitishia mteja.

Jina la Kilo alilipata kwa sababu ya mzani. Kila pawa saplai, kile kifaa cha kuigawia kompyuta umeme, iliyofika mbele yake aliiweka kwanza juu ya mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga. Marehemu alimfundisha kwamba nzuri ina koili nene za shaba na vyuma vizito vya kupozea, na feki ni bati tupu lenye feni.

"Maandishi ya boksi huandikwa na muuzaji," alizoea kusema. "Uzito hauandikwi na mtu."

Isiyofika kilo moja na nusu aliirudisha mbele, mara nyingine kwa kuitupa. Iliyofika aliifunga, kisha akaandika jina lake ndani ya kasha kwa kalamu nyekundu. Hakuwa na mtoto wala nyumba. Alikuwa na jina hilo, na watu walivuka mitaa kulifuata.

Jumatatu moja akaja mama mmoja mchora ramani za nyumba. Alikuwa na orodha ya vifaa mkononi na diski ndani ya mkoba, diski yenye michoro yake yote ya miaka sita. Alitaka mashine mpya, na diski ile ihamie humo. Kilo akaisoma orodha kama anayesoma matusi.

"Nani kakuandikia hii?"

"Mpwa wangu."

"Mpe pole. Prosesa hii na madabodi hii haziivi chungu kimoja, soketi ni nyingine kabisa. Ramu ni ya kizazi cha nyuma, haiingii hata ukiipigia nyundo. Na hii kadi ya michoro ni ndefu kuliko kasha. Labda tutoboe ukuta."

Mama akacheka, peke yake. Kilo akafuta, akaandika upya, akajumlisha wati za kila kifaa na kuongeza za akiba.

"Pawa saplai ya wati mia sita na hamsini, ya kweli. Hapa usibane mkono. Kifaa kingine kikifa hufa peke yake. Hii ikifa huondoka na wenzake."

"Mwambie fundi ipo," shemeji akadakia kutoka mbele, hatua nne tu. "Mpya, imara, haina mfano, dunia nzima wanaitumia!"

"Mwambie mwenye duka, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Boksi likapitia mikononi mwa mama. Kilo akaitoa pawa saplai, akaiweka mzanini, tusi likiwa tayari ulimini. Mshale ukapanda mpaka kilo moja na robo tatu. Akaiondoa, akapima tena. Ikawa ileile.

"Mwambie fundi asome kwa sauti," shemeji akasema taratibu.

Hapo ndipo Kilo alipokosea, na kosa lenyewe lisingefanywa na fundi mwingine. Fundi wa kawaida angeitilia shaka chapa asiyoijua, angemulika ndani kwa tochi, angeipa mzigo wa umeme na kupima volti. Yeye alikuwa ameshindwa mbele ya shemeji yake, na kulimuuma kiasi cha kutaka limalizike upesi. Akaifunga. Akaandika jina.

Siku ya kumi na moja mama akarudi na kasha mikononi. Harufu ya kuungua ilitangulia kuingia. Hakusalimia. Kilo akafungua, akakuta madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, imekuwa nyeusi. Akaichomoa diski, akaijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, mara tatu. Haikuzunguka. Ndipo akaifungua pawa saplai. Mlikuwa na koili moja nyembamba, na chini yake kipande cha saruji kilichobandikwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi.

Alikibeba mpaka mbele, na mama akamfuata na kasha lake, akalitua sakafuni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu akamsemesha shemeji yake usoni.

"Ulijua!"

"Shemeji, miaka mitatu unanirudishia mali kwa sababu ya uzito." Alikuwa akitabasamu. "Nikawaambia wanaoniletea, fundi wangu anataka nzito. Wakaleta nzito. Mimi sijaandika jina langu popote."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekula na kushiba. Kilo alikirusha kipande kile kwenye kabati la kioo, vioo vikamwagika sakafuni. Akamgeukia mteja.

"Umesikia kwa masikio yako! Ni yeye! Mwizi mkubwa!"

"Huyo namjua," mama akasema. "Mtaa mzima unajua ni mwongo. Hakuna aliyemwamini, hata mimi sikumwamini. Nilipita maduka manne nikaja hapa kwa sababu niliambiwa ukipitisha wewe, imepita."

Kilo akakiokota kipande cha saruji kati ya vioo.

"Nitakuundia nyingine," akasema. "Vifaa nitavitafuta mwenyewe, kimoja kimoja."

"Na michoro?"

Mama akainama kulinyanyua kasha. Lilikuwa zito kwake, na Kilo akanyoosha mikono amsaidie mpaka mlangoni.

"Usiiguse," mama akasema, akaikumbatia mashine yake iliyoungua, akatoka akikanyaga vioo.