Murjan na Saksafoni Bila Buti

Mwaka wa 1951, kabla Kibra nzima haijamjua kama mwalimu wa saksafoni, Murjan alikuwa askari wa bendi mwenye tatizo moja: hakuweza kupiga bila kutembea. Kwa miaka kumi alikuwa amepiga huku akienda kwata. Sasa mkuu wa bendi alitaka apige peke yake, amesimama tuli, ule muziki wa Wazungu ambao watu huusikiliza bila hata kutikisa kichwa. Akishindwa, saksafoni angepewa mwingine, yeye arudi kwenye matoazi.

Akafanya mazoezi nyumbani. Noti ya tatu, mguu wa kushoto ukanyanyuka. Noti ya kumi, alikuwa ameshakanyaga sufuria uani na anaelekea kwa jirani.

"Baba Batul, unaenda vita gani?" mkewe Zeinabu akaita. "Rudi hapa!"

Akarudi, kwa kwata.

"Si mimi, Mama Batul. Ni miguu."

"Miguu yako naijua, hata sokoni inaenda kwa kusukumwa. Hizo ni buti. Vua!"

Akavua. Akapiga wimbo mzima, vidole vya miguu vikijikunja tu vumbini.

Jumamosi alisimama mbele ya maofisa na wake zao, vifungo vinang'aa, miguu mitupu. Hakusogea hata inchi. Mkuu wa bendi alimaliza kupiga makofi ndipo akatazama chini.

Saksafoni ikabaki yake. Alipoanza kufundisha, wanafunzi waliacha viatu mlangoni, na wapita njia wakawa wanaingia kuuliza maulidi yanaanza saa ngapi na pilau iko wapi.