Ua la Senje Mmbone

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Shinyalu na akina mama waliofagia uwanja kabla jua halijachomoza, hakuna aliyenunua ua. Nani angekuuzia? Mmea ulitoka kwa mtu. Mama akienda kutembea, alirudi na kitawi kimefungwa kwa jani la mgomba, na jioni hiyohiyo sisi watoto tulitumwa mtoni kuteka maji. Mmea ukishika, ulichukua jina la aliyeutoa. Waridi jeupe la mlangoni lilikuwa Mama Khayesi, rafiki wa Mama aliyeolewa Malava. Mchaichai wa nyuma ya jikoni ulikuwa Kukhu, maana ulitoka kwa bibi yetu. Na kando ya njia alikaa Senje Mmbone, shangazi yetu: ua jekundu lenye kiazi kama kitunguu, ambalo kiangazi lilinyauka likapotea kabisa, na mvua ya Machi ikipiga, hilo hapo. "Nenda umwagilie Senje," Mama alizoea kusema, na Senje mwenyewe alishazikwa nikiwa darasa la nne.

Sheria ilikuwa moja. Siku Senje alipotuletea kile kiazi, mimi na adabu zangu za shuleni nikamwambia asante. Mama alinifinya sikio hadi machozi yakanitoka. "Hatusemangi asante kwa mmea," aliniambia. "Ukisema, unakufa." Ikabidi Senje arudi nacho kwake, aje tena kesho yake kana kwamba hakuwahi kuja. Tulicheka wiki nzima.

Mama alifariki Februari mwaka huu. Nilikuwa Nakuru, nikampigia simu kaka yangu mdogo, Ingosi, nikamwamuru asafishe uwanja wote, wageni wa matanga wasije wakakuta msitu. Mimi ndiye kifungua mimba, kuamuru ndiyo kazi yangu. Ingosi aliuliza, na maua ya Mama je? Nikamjibu yaliyokauka ang'oe tu. Kiangazi chote kila kitu huwa kikavu pale, najua hivyo tangu utotoni, na bado nilisema. Vijana walipiga dawa ya magugu, wakalima, wakachoma. Nilipofika nilikuta mahema, viti vya plastiki na udongo mtupu. Kaburi lilichimbwa kando ya njia, palepale pa Senje. Nililia, na watu wakadhani namlilia Mama peke yake.

Mama aligawa mimea hadi kwa watu asiowapenda, kwa hiyo baada ya mazishi nilienda kubisha milango nikijua sitakosa. Jirani ameweka saruji hadi mlangoni. Binamu yangu amepanda nyasi za kununua, akaweka na kibao cha kukataza watu kuzikanyaga. Nyasi! Mwanawe nilipomuuliza kuhusu ua la Senje, alinitafutia picha kwenye simu.

Mwanzoni mwa Machi nikafika Malava kwa Mama Khayesi. Mgongo umempinda, lakini alikataa nimsaidie kuchimba. Fuko walikuwa wamekula viazi vyote vya Senje, kikabaki kimoja nyuma ya choo cha zamani. Akakifunga kwa jani la mgomba, akanipa kwa mikono miwili.

"Asante, Mama," nikasema.

Kwa sisi wa mjini asante imekuwa kama kupumua, hata makondakta tunawaambia. Ilinitoka tu. Mama Khayesi alinitazama, akalitazama lile shimo. Senje angekirudisha ndani, aniambie nije kesho. Huyu hakuwa na nguvu ya kesho.

"Peleka basi," akasema, akaingia ndani.

Nilikipanda miguuni pa Mama. Mvua ya Machi ilikuja, ya Aprili ikaja, sasa mahindi yamekomaa. Zamani mtoto akikosea namna hiyo alifinywa sikio, na kesho yake mambo yakarekebishwa. Sasa nimezeeka, na wa kunifinya wako chini ya udongo. Ingosi anamwagilia kila jioni bila mimi kumwamuru. Nikimpigia simu namuuliza, "Senje amekuja?"

"Bado," huniambia.