Jiwe la Binti

Binti ndilo jina lake hasa, hata sasa akiwa na wajukuu. Alizaliwa Uvira, akaolewa Bukavu, na tangu utotoni ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Redio ya baba yake aliifungua akiwa mdogo, akala viboko, na machozi hayajakauka akauliza ule waya mwekundu unakwenda wapi. Majirani wa mtaa wake wa Nguba humtania kwamba fundi akija mtaani kuziba bomba, atamkuta Binti amekwisha chuchumaa penye shimo.

Mumewe, Latifu, anauza vitenge. Kila baada ya wiki kadhaa hupakia gari lao la kijivu na kushuka bondeni kuwauzia wenye maduka wa Kamanyola na Uvira, na Binti huketi mbele kwa sababu ya jiwe. Breki ya mkono ilikufa zamani. Latifu akisimama mlimani, na huku kwetu ni wapi si mlima, hubaki amekanyaga breki ya mguu na kusema, "Binti, libwe," yaani jiwe. Naye hushuka, iwe mvua, isiwe mvua, akalisukuma jiwe lake chini ya gurudumu la nyuma.

Kazi hiyo asingempa mtu. Sange iko njiani, na Sange yupo Malaika, dada yake mkubwa, ambaye macho yake yamezima. Siku hizi humjua Binti kwa kumpapasa mikono. Latifu humshusha hapo, akaendelea Uvira peke yake, maana kutoka hapo njia ni tambarare na jiwe halina kazi. Apande basi peke yake? Latifu hataki hata kulisikia neno hilo. Tena hupenda kulalamika kwamba anapoketi mtu pangekaa furushi zima la vitenge. Kwa hiyo, bila jiwe hakuna kiti, na bila kiti hakuna Malaika. Hivyo ndivyo Binti alivyopiga hesabu zake.

Basi siku Latifu aliposema anapeleka gari kwa fundi Didier, breki ya mkono itengenezwe iishe kabisa, Binti alikiona kiti chake kinaondoka. Lakini mdadisi ni mdadisi. Alivaa kandambili, akafuata.

Latifu alikwenda kuswali, akamwacha na fundi. Didier alilipandisha gari kwa krik, yaani jeki, akafungua gurudumu la nyuma. Ndani kulikuwa na disiki inayong'aa, na juu yake kile chuma kinachoibana, ambacho mafundi wetu hukiita etriye. Binti aliinamisha kichwa mpaka fundi akakosa mwanga.

"Maman, nitafanya kazi namna gani?"

"Fanya tu, papa. Niambie kwanza: kila mwezi muzee wangu anakaza kable pale mbele, na kila mwezi frein inazidi kulegea. Juu ya nini?"

Didier alicheka, kisha akaona swali ni swali kweli. Akamwonyesha kimkono kidogo kwenye etriye, kile kinachovutwa na kable. Breki ikishushwa, kimkono lazima kirudi nyuma mpaka mwisho. "Sasa ona. Muzee amekaza kable sana, kamukono kamebaki katikati. Kakikosa kurudi, pistoni ya ndani haiwezi kusogea kufuata plaketi, hizi zinazobana disiki, zikikwisha. Anavyokaza, ndivyo anaiua."

"Kumbe dawa ni kulegeza," alisema Binti, na macho yakamwaka.

"Unalegeza kwanza. Unapiga pedali ya frein mara mingi, pistoni inakuja mbele. Halafu ndiyo unakaza nati ya kable, kidogo kidogo, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza."

Binti alizungusha gurudumu mwenyewe, akasikiliza. Lilikwenda bila kelele, na Didier alipovuta breki likasimama tuli. Alifurahi kama mtoto, kwa muda mfupi tu.

"Na mutu akilegeza ile nati tu, basi?"

"Basi, maman, mutarudilia libwe."

Neno hilo alikwenda nalo nyumbani. Jioni iliyotangulia safari, Latifu akiwa msikitini, Binti alichukua kle ya dix, spana ya namba kumi, kwenye sanduku la vyuma, akafungua kifuniko kilicho kati ya viti, akailegeza nati.

Asubuhi Latifu alipakia mzigo, akalitoa gari mpaka kwenye mteremko mbele ya lango. Akavuta breki ya mkono kwa maringo, akainua mguu. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu. Akakanyaga haraka.

"Binti, libwe!"

Jiwe lilikuwa chini ya gurudumu hata kabla hajamaliza. Latifu alishuka, akalitazama jiwe, kisha akamtazama mkewe.

"Didier amenidanganya," alisema kwa uchungu. "Na mimi nilifanya hii yote juu ya magoti yako. Ile siku ku mulima wa Ngomo uliinama mu matope, ukashindwa kusimama. Nilisema safari hii ukae tu mu gari, usishuke."

Binti alitoa ile kle kwenye fundo la kitenge chake, akaingia upande wa dereva. Hapo ndipo alipoona kiti chake. Hakuna furushi. Kulikuwa na mto wa kukalia, na juu ya mto mfuko wa sukari, ile anayopenda Malaika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akapiga pedali, akapiga tena, akakaza nati kidogo kidogo, akavuta breki.

"Toa libwe, muzee."

Latifu alilitoa. Gari halikutikisika. Akaliangalia, halafu akaangalia kle mkononi mwa mkewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Ni wewe ulilegeza?"

"Ni mimi. Niliona libwe ikikwisha kazi, na mimi nimekwisha. Nitamuona Malaika namna gani?"

Latifu alilisukuma jiwe kwa mguu mpaka ukutani. Akazunguka, akamfungulia mlango wa upande wake.

"Panda, Malaika anangoja. Na hiyo kle nipe mimi."

Binti alimpa, akapanda.