Chumvi ya Nyasi

Ule mwaka wa njaa tulikula ugali wa mahindi ya manjano ya msaada, ule wa kunuka gunia. Leo mjukuu wangu amefungua mfuko wa mbolea hapa kwangu Kitale, na harufu imenirudisha kwetu Bungoma.

Mbolea ya dukani sisi tuliita chumvi. Baba alimwagia nyasi mara ya kwanza, mvua ikanyesha, nyasi ikapanda kijani mpaka nyeusi.

"Baba watoto, ngoja ikomae, changa bado imejaa chumvi," mama akasema.

Baba akacheka. "Ati ningoje? Chumvi imeua ng'ombe gani?"

Akafungulia ng'ombe ile ya maziwa, yenye mimba, ikala nyasi ile. Kabla ya saa sita ilitetemeka, ikaanguka, inahema ulimi nje. Baba akaichinja haraka tupate nyama, lakini damu ilitoka rangi ya kahawa. Mama alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini. Na njaa yote ile, hakuna mtu aliyekula.

"Kukhu," mjukuu ananiambia mimi nyanya yake, "nikimwaga leo, nyasi itajaa. Ng'ombe atashiba."

"Ng'ombe yangu haingii hapo."

"Si tutangoja ikomae kwanza, Kukhu?"

"Ng'ombe yangu haingii hapo."