Kola ya Bibi Tatsue

Fusako Nagira alikuwa mchoraji, ila brashi hakuwa nayo. Yeye alichora kwa vinukta kwenye kioo cha kompyuta, kinukta hapa, kinukta pale, mpaka vikijipanga unaona kuku, au paka, au mzee anayejikuna. Kampuni yao ndogo ya gemu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mchele, kwenye mtaa wa maduka kusini mwa Osaka. Mwaka ule walikuwa wanamalizia gemu ya kifaranga aliyejivika ndoo ya kuogea kichwani, anayeruka kutoka paa hadi paa akimtafuta mama yake.

Na wenye kampuni za gemu, siku zile, walikuwa na roho ya korosho, tusifichane. Jina lako halisi halikuandikwa mwisho wa mchezo, eti kampuni nyingine zisije zikakunyakua. Ulipewa jina la utani ukashukuru. Fusako, kwa sababu kila vumbi lilimpigisha chafya, aliandikwa Mama Chafya. Mtu unakesha na vinukta miaka miwili, halafu dunia nzima ikujue kwa Mama Chafya, utafanyaje? Unajificha humohumo ndani ya gemu. Urabe, aliyeandika programu, alijifanya paka mnene anayelala juu ya tangi la maji. Fusako alijichora amekaa dirishani anakunywa maziwa ya kahawa, na hakuna wa kumwona ila mchezaji aliyeruka juu ya paa ambalo halina haja ya kurukiwa. Bosi alijua yote hayo na akajitia upofu, kwani na yeye alikuwamo, kama jini lenye kitambi.

Maziwa ya kahawa yalikuwa ya Bibi Tatsue. Bibi huyu alikuwa na hamamu ya mtaa, nyumba ya watu kuogea kwa kulipa, na kila siku ya Mungu alikaa mlangoni juu ya kiti chake kirefu, kimono safi, nywele zimebanwa, akipokea wateja na kuwasema. Fusako alipokuja mjini kutoka kwao Tottori, chumba chake hakikuwa na bafu, wala yeye hakuwa na mtu. Bibi Tatsue alimtazama siku ya kwanza akamwambia, "Wewe mtoto, mbavu zako mtu anaweza kufulia nguo. Unakula kweli?" Akampa chupa ya maziwa ya kahawa. Tangu siku hiyo Fusako akapata pa kwenda.

Sasa moyo wa Bibi Tatsue ulikuwa umechoka, na madaktari walitaka kumpasua. Bibi alikataa. Mwanawe Mitsugu, mtu mzima mwenye upara anayewasha tanuri la hamamu, alibembeleza majira yote ya machipuko mpaka sauti ikamkauka. Mwisho mama akakubali, kwa shingo upande, na siku ikapangwa. Madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba bila kupasuliwa hamalizi mwaka.

Fusako akaona ampe zawadi ya kumtia nguvu. Akamchora Bibi Tatsue ndani ya gemu. Kifaranga akiligonga dohani fulani la moshi kwa ndoo yake, mlango unafunguka, bibi anatoka na kimono chake, anampa chupa ya maziwa, na moyo wa kifaranga, ambao ndio uhai wake, unajaa tena.

Basi alasiri moja, kabla hamamu haijafunguliwa, Fusako na Urabe wakabeba mashine yao, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi, wakaifunga kwenye televisheni ya ukumbini. Wazee wa mtaa wakasogea na taulo zao mabegani. Fusako akacheza mwenyewe. Kifaranga akagonga, mlango ukafunguka, bibi akatoka. Ukumbi mzima ukacheka.

"Ndiye kabisa," alisema muuza vibumunda vya pweza. "Hata mdomo umechongoka vilevile."

"Mdomo wangu unachongoka nikikuona wewe," akajibu Bibi Tatsue, lakini uso ulikuwa umemchanua. "Kwa hiyo mimi nagawa mioyo, na wangu mwenyewe umenishinda. Haya, endelea."

Kifaranga akaruka upande wa pili. Bibi wa kwenye gemu akageuka kumfuata. Na hapo kicheko kikakatika.

Kola ya kimono, kwa mtu aliye hai, ya kushoto hukaa juu ya ya kulia. Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote ni hivyo. Anayegeuziwa ni maiti peke yake, anapovishwa kwa safari yake ya mwisho. Bibi alipogeuka, kola iligeuka naye. Alisimama pale kwenye televisheni amevishwa kimaiti, chupa mkononi.

Bibi Tatsue alitazama kidogo, akashuka kitini polepole, akasema kwa adabu sana, "Asanteni kwa kazi yenu." Kisha akamwambia mwanawe, "Mitsugu, wapigie simu hospitali. Siendi." Akaingia chumba cha nyuma.

"Ni kosa la mashine," Urabe alimnong'oneza Fusako walipokuwa wanakunja nyaya. "Kila mtu tunamchora mara moja tu, anatazama kulia. Akigeuka kushoto, mashine inampindua kama kioo. Ndiyo tunavyobana nafasi."

"Si mashine. Ni mimi. Nimezaliwa nchi hii, nimevalishwa kimono tangu utotoni, nikasahau. Nimchore basi picha ya pili."

"Nafasi ya kuiweka iko wapi? Gemu imeshiba mpaka kooni, na keshokutwa inakwenda kiwandani. Ukitaka kuingiza mtu, toa mtu. Au mtoe bibi mwenyewe yaishe."

Kumfuta Bibi Tatsue? Fusako hakutaka hata kulisikia. Kumvisha kimaiti ni kosa, lakini kumfuta ni kumzika. "Nitoe mimi," alisema. "Dirisha libaki tupu."

Alimkuta bibi chumba cha nyuma, amekaa sakafuni, mgongo wima, chai imepoa mbele yake. Mitsugu alikuwa mlangoni hajagusa simu, macho mekundu. Fusako akapiga magoti akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Bibi, nimekukosea."

"Hujanikosea. Umenionyesha tu ninakokwenda."

"Nitakuchora upya, utakuwa sawa pande zote. Nafasi ipo, nimeitoa picha yangu."

"Picha yako ipi?"

"Ile ya dirishani. Nilikuwa nakunywa maziwa yako."

Bibi Tatsue akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Utoke wewe ili nikae mimi? Mimi hamamu yangu imewahi kumtoa mteja nje na povu kichwani?"

"Lakini Bibi, ukigeuka..."

"Nani kakwambia mimi nageuka? Tangu niolewe nimekaa kwenye kile kiti natazama upande mmoja. Anayetaka salamu aje mbele."

"Na kifaranga akipita nyuma yako? Lazima umfuate."

"Nimfuate kinyumenyume. Kwani ngazi za kile kiti nazishukaje? Magoti haya hayajui njia nyingine."

Mitsugu aliguna, ikawa kama kicheko kimemponyoka. Fusako naye akacheka huku machozi yanamtoka, na kwa kuwa alilia kwenye vumbi la mkeka, akapiga chafya kubwa. Bibi akamsukumia karatasi ya kupengea.

"Na hospitali, Bibi?"

Bibi Tatsue alinyoosha mikono ya kimono chake, akainyoosha tena. Ilikuwa imenyooka tayari.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Si kola. Kola nimeishika kama kisingizio, maana nilikuwa nakitafuta tangu niliposema ndiyo. Watanilaza, watanifungua, na mimi sitajua. Miaka yote hii hakuna aliyeingia kwangu nisijue."

"Hata mimi naogopa," Fusako alisema. "Usipokwenda ninaogopa zaidi. Sina mwingine mji huu wa kuniuliza kama nimekula."

Bibi alikunywa ile chai iliyopoa mpaka ikaisha. Mitsugu alishika mwimo wa mlango. "Haya," akasema Bibi mwishowe, "usikae hapo unanilowanishia mkeka. Nenda karekebishe gemu yenu. Na wewe, Mitsugu, simu achana nayo, maji yachemke, watu wako nje."

Gemu ilikwenda kiwandani na Bibi Tatsue akitembea kinyumenyume, kola mahali pake, na Mama Chafya dirishani mwake. Siku ya kupasuliwa, Mitsugu na Fusako walikaa ukumbi wa hospitali tangu asubuhi, wamejikaza kisabuni. Daktari alipotoka akasema wamemaliza salama, lakini wasubiri azinduke. Mitsugu alimwinamia daktari mara nyingi mpaka Fusako akamshika mkono.

Kesho yake waliruhusiwa kuingia. Bibi alikuwa amepungua, mipira ya dawa huku na huku, sauti nyembamba. Alimwita Fusako kwa kidole.

"Nilipozinduka sikufungua macho," alisema. "Niliogopa. Nikapapasa kwanza kifuani, nikatafuta kola ya hii nguo yao."

"Ukakutaje?"

"Ya kushoto juu." Akavuta pumzi, akapumzika kidogo. "Ndipo nikafungua macho, nikawauliza wale watoto wauguzi, hapa chakula wanaleta saa ngapi?"