Poso ya Mama

Mama alianza kukonda mwezi wa pili tangu tumtoe Kapata, kwenye nyumba ya kampuni ya migodi alikozeeka na baba, tukamleta kwangu Kolwezi mjini. Kila mlo alikula matonge mawili ya bukari, ugali wetu, akasukuma sahani. "Bunga itaisha mbele ya poso," alisema, kana kwamba unga ungeisha kabla ya siku ya mgao. Kampuni iliacha kugawa chakula miaka mingi iliyopita, lakini akili yake ilibaki kule.

Ndugu zangu walisema nimwache, ni uzee. Mimi nina kichwa kigumu, na nimekirithi kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: niliinama chini ya kitanda chake, nikakuta ndoo ya bukari iliyokauka aliyokuwa akiificha, tonge juu ya tonge. Nililia kwa hasira.

Nikaenda Kapata kwa tata mmoja, mzee aliyekuwa mgawaji wa ghala la kampuni, nikamuulize kuhusu poso. Tangu utoto nilisema "poso mbili" nikimaanisha siku kumi na nne, wala sikuwahi kuuliza kwa nini. Akanicheka. "Poso ni chakula, mama. Siku zilifuata nyuma." Neno hilo, alisema, lilitoka pwani na wapagazi wa misafara, waliolishwa posho njiani. Kampuni ikalichukua, ikagawa unga, samaki wa chumvi na mafuta mara moja kwa juma, mpaka watu wakahesabu majuma kwa mgao. Akanionyesha ilivyokuwa: mke wa mfanyakazi anasimama mlangoni pa ghala na gunia lake, kila kitu kinapimwa mbele ya macho yake, kisha anaulizwa kama ameridhika.

Jumamosi niliweka meza mlangoni pa jiko, na mizani, unga, makayabu, wale samaki wa chumvi, na mafuta ya mawese.

"Mama, poso yako imefika."

Akaja na gunia, mgongo umenyooka. Akanikemea kwamba napunja, nikapima upya.

"Umeridhika?"

"Njo vile," alikubali.

Nikasonga bukari, nikampakulia sahani ikajaa. Hakuigusa. Alitazama huku na huku, uso una wasiwasi.

"Batoto balishakula?"

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile alikula kilichobaki baada yetu, na siku za mwisho kabla ya mgao hakikubaki kitu. Nina wajukuu sasa, lakini nilimpigia magoti kama binti mdogo.

"Tulikula, mama. Tulishiba shiye batoto bote."

Akanawa mikono, akala mpaka sahani ikawa tupu.