Mama Capdevielle na Wenye Ndege

Mama Capdevielle alikuwa amewatembeza wageni katika kiwanda cha ndege cha Toulouse, Ufaransa, kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na saba kati ya hiyo alikuwa akiwadanganya kwa roho safi.

Hakuanza kwa ubaya. Kampuni ilimpa maneno ya kusema: ndege hii ni ya Ulaya, imeundwa na mataifa manne yaliyoshikana mikono. Aliyasema kwa lugha nne, tatu kati ya hizo akizibabaisha, na kila mara aliona nyuso za wageni zikinywea. Mtu hasafiri kwa basi siku nzima kutoka Hamburg aje aambiwe kwamba ameshikwa mkono. Siku moja akamwonea huruma mzee mmoja wa Kijerumani, akamnong'oneza kwamba, yabaki baina yao wawili, ndege hasa ni ya Kijerumani. Mzee akamtumia kopo la peremende za lozi. Wiki iliyofuata watu wa Wales wakaambiwa kwamba bila mabawa yanayoundwa kwao hilo lingekuwa basi refu tu. Wahispania wakaambiwa kwamba bila mkia wao ndege isingejua inakokwenda. Wafaransa hawakuhitaji kuambiwa kitu, walikuja wakijua.

Kabati la jikoni kwake likajaa vitu vitamu vya nchi tatu, naye akanenepa kidogo.

Ikaja Alhamisi moja ya Oktoba. Watembeza wageni wote walikuwa wamegoma, na yeye pia, ila chama chake kiligoma mpaka saa tano tu. Saa tano na dakika mbili akavaa kitambulisho, akatoka, akakuta mabasi matatu yanamsubiri yeye peke yake: wastaafu wa Hamburg, wastaafu wa Wales, wastaafu wa Getafe kule Uhispania, na Waparisi wawili watatu waliodandia. Akawapandisha wote kwenye roshani ya karakana, mahali ambapo ndege nzima huonekana chini ikiwa haijapakwa rangi, akaanza na yale maneno ya kampuni.

Idwal, mzee wa Wales mwenye masikio makubwa, akamkatiza kwa upole. Jirani yake alikuja hapa mwaka jana, alisema, na mama huyu huyu alimwambia ndege ni ya Wales.

Bibi Heinke wa Hamburg akageuka polepole. Kaka yake naye alikuwa ameambiwa jambo, lakini si hilo.

"Mimi ninayo kwa maandishi kwamba ni yetu," alisema Don Saturnino wa Getafe, akachomoa kadi ya posta mfukoni. Mwandiko ulikuwa wa Mama Capdevielle, hakuna ubishi.

Alitazama ngazi. Zilikuwa mbali, na nyonga yake haikuwa ya kukimbia.

"Haya, mama," Heinke akasema. "Leo tupo wote. Ndege ni ya nani?"

"Ya Ulaya."

"Hayo waambie waandishi wa habari," Idwal akasema.

Mama Capdevielle akashusha pumzi. "Basi niliwadanganya. Wote. Mlitoka mbali, mlitaka kusikia kitu, nikawapa."

"Na moyoni mwako ni ya Kifaransa," Heinke akamchokoza.

Hapo ndipo alipokasirika. Akawaambia kwamba jina alilopewa na mama yake ni Nieves. Hilo Blanche la kwenye vitambulisho liliandikwa na mwalimu wa shule ambaye hakutaka usumbufu wa jina la Kihispania. Baba yake alivuka milima kwa miguu kutoka Huesca, Uhispania, akikimbia vita, akakunja mabati katika karakana hii hii miaka thelathini na mmoja, na mpaka anastaafu jina lake kwenye kitambulisho cha kazi liliandikwa kwa makosa. Siku ndege ya kwanza ilipotolewa nje, alimpeleka bintiye kwenye ua wa waya. Bendera zilipepea, watu wakapiga makofi, lakini mzee alinyoosha kidole tu. "Ule mlango wa mizigo," alisema, "ni wangu."

"Si nilisema," Don Saturnino akasema. "Ni ya Kihispania."

Idwal alicheka mpaka akashika ukingo. Kisha akaelekeza kidole chini ya bawa, kwenye safu ya matundu madogo: matundu kama hayo ndiyo aliyotoboa miaka ishirini katika kiwanda cha kwao. Heinke hakukubali kupitwa. Yeye alipachika milango ya vyoo, zaidi ya elfu nne, na hakuna abiria aliyewahi kukwama humo kwa kosa lake. Don Saturnino akakohoa, akakiri kwamba yeye alikuwa stoo, akigawa glavu.

"Bila glavu," alisema, "hakuna mkia."

Wakakaa pale roshani saa moja na nusu wakionyeshana, na hakuna aliyeuliza tena habari za mataifa.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya malalamiko. Ilitoka kwa Mparisi mmoja: katika ziara nzima, mtembezaji hakusema hata mara moja kwamba ndege ni ya Kifaransa. Mkuu wake, ambaye hakupenda barua za aina yoyote, akampeleka kwenye kibanda cha tiketi wiki mbili. Mle mlikuwa na kiti na hita, naye hakulalamika. Alirudishwa roshani kwa sababu mabasi yalikuwa yakimuulizia kwa jina.

Tangu hapo, mgeni akimuuliza ndege ni ya nani, humrudishia swali: wewe umetengeneza kipi? Wengi hawakuwa wametengeneza chochote. Lakini hakukosekana mwenye binamu aliyewahi kukaza hata parafujo moja.